Nyota ya Mzee Akonaay

Mashine ililia mlangoni kabisa mwa Basili, mwenyekiti wa kigango, na Joakimu akashika jembe kabla sauti haijakatika.

"Hapa hapa," alisema. "Mwenyekiti, samahani, ngazi yako itabidi ipishe."

Basili alikuwa amekaa kwenye stuli, anakunywa chai kwa raha zake. "Chimba tu. Makubaliano ni makubaliano."

Makubaliano yenyewe kijiji kizima cha Tlawi kiliyajua. Kesho yake ulikuwa unasimikwa msalaba wa saruji kwenye kaburi la babu yake Joakimu, marehemu mzee Akonaay, na Joakimu alitaka uandikwe: Askari wa Keya, alipigana Burma. Basili akagoma. Yeye alisikia kwa baba yake kwamba miaka ile ya vita Akonaay alijificha Yaeda Chini kwa warina asali, akalamba asali mpaka Waingereza wenye jeshi hilo la Keya wakamsahau, kisha akarudi amenenepa na kuanza kusimulia mabomu. Anayebisha alete nyota, ile medali ya shaba iliyoandikwa Burma, waliyopewa waliofika huko. Ikipatikana, Basili atayachonga maneno kwa mkono wake mwenyewe. Isipopatikana, Joakimu atasimama mbele ya waumini na kutamka kwamba babu yake alikuwa mla asali.

Bahati ya Joakimu, au balaa lake, ni kwamba alikuwa mtu wa mashine. Ile fimbo yenye sahani chini, inayolia ikinusa chuma au shaba ardhini, aliirithi kwa binamu yake Agustino, aliyechoka kutafuta mali za Wajerumani. Wengine hucheza bao. Yeye Jumapili mchana huchimba. Kwenye kabati la sebuleni alikuwa na vifungo vya makoti ya askari, beji ya skauti, rupia moja iliyosagika, na kitu alichokiita nishani ya Kaizari, ambacho mkewe Scolastica alikitambua mara moja kuwa ni kifuniko cha kopo la kiwi.

Na mashine ilimpenda. Kila alipoinama, mkono wa kulia ukisukuma sahani na wa kushoto, wenye bangili yake ya tangu utoto, ukitenganisha majani, ilipiga kelele. Akiishika mtu mwingine, inanyamaza hivyo hivyo kama imenuna.

"Inajua damu," Joakimu aliwaambia watu, wala hakuwa anatania.

Wiki ile alimpigia simu bibi yake Fausta, mjane wa Akonaay, aliyekuwa kwa binti yake kule Hanang. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Bibi alisema, "Ile nyota? Ipo kwako," na simu ikakata.

Basi Joakimu akachimba kwake. Alichimba shamba la maharage, akachimba zizi, akachimba nyuma ya choo, mpaka Scolastica akamuuliza kama anatafuta medali au anajiandalia kaburi. Akapata misumari. Ndipo akakumbuka kwamba kwake pa kwanza, nyumba aliyozaliwa, ilisimama hapa anapoishi Basili leo.

Shimo likafika magotini, Scolastica amekaa kando anatazama. Kikatoka kipande cha bati, akakitupa mbali. Akainama, akapima tena, mashine ikalia. Akachimba tena, hakuna kitu.

"Hebu nipe na mimi," Basili alisema. Akaizungusha shimoni, kimya. Akaipitisha juu ya rundo la udongo, kimya vile vile.

"Haikujui," Joakimu alisema, akalishika tena jembe. Kejeli alizizoea. Kilichomuuma ni kwamba mzee yule ndiye aliyemlea, aliyembeba mabegani kwenda mnadani na kumgawia nyama aliyochomewa yeye. Kusimama juu ya kaburi lake na kumwita mwongo aliona ni kumzika mara ya pili.

"Kesho uvae vizuri," Basili alimwambia kwa upole wa kuudhi. "Watu watakuwa wengi."

Bodaboda ikasimama njiani. Bibi Fausta, aliyekuja kwa ajili ya msalaba, akashuka, amejifunga blanketi juu ya kitenge, na kuku mmoja kwapani. Wote wakainuka kumpokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akaliangalia shimo, akaliangalia rundo la udongo. "Haya, nani tena amekufa?"

"Hakuna, bibi," Joakimu alisema. "Natafuta nyota ya babu."

"Si nilikuambia ipo kwako?"

"Kwangu nimechimba kote. Nimemaliza hata zizi."

Bibi akamtazama, akamtazama na Scolastica kwa huruma. "Kwako wewe, siyo kwako nyumbani. Ulipokuwa mchanga ulikuwa unazimia zimia, mganga akataka shaba iliyovuka bahari. Padri hakuambiwa. Sasa nyumbani kwetu kulikuwa na nini kingine kilichovuka bahari? Babu yako akaing'oa kwenye koti, akatembea nayo mwenyewe mpaka kwa mhunzi wa Kibarbaig."

Akamkabidhi Scolastica yule kuku, akaushika mkono wa kushoto wa mjukuu wake na kuunyanyua mpaka machoni mwa mwenyekiti.

Basili akaiweka mashine chini. Akavaa miwani, akaitanua ile bangili ambayo hakuna aliyewahi kuivua mkononi mwa Joakimu, na kwa ndani, pale nyundo ya mhunzi ilipopita juu juu, akasoma herufi nne: U, R, M, A.