Ushuhuda Umeshatumwa

"Mama, usimpeleke hospitali," mwanangu mmisionari akaniambia, kasimama mlangoni na tai yake shingoni. "Ushuhuda nimeshautuma kanisani kwetu. Nimewaambia mtoto amepona."

Mjukuu wangu nilikuwa nimembeba mgongoni, ana joto kama pasi. Midomo imempasuka, pumzi yake inaniunguza shingo.

"Amepona nani?"

"Ni kwa imani, mama. Watu kule wameshashangilia."

Nikamtazama huyu niliyemzaa mwenyewe. Sisi tumekuja ugenini kumtumikia Mungu, kumbe mwenzetu kafuata makofi.

"Basi watumie na huu," nikasema. "Waambie bibi ya mtoto kapandwa na pepo."

Nikampiga kikumbo, nikatoka. Nyuma yangu nikamsikia mkewe akitafuta viatu.