Kidole Kinachowasha

Ulimpita asubuhi. Usijidai hukumwona: mwanamume kwenye kiti cha magurudumu, chini ya ngazi za ofisi ya askari wastaafu, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Uligeukia simu yako.

Mkewe alimwomba bawabu amsaidie kumpandisha. Bawabu akajishika kiuno.

“Dada, mgongo huu una mtu wake, asubuhi na jioni. Akiongezeka wa pili, mtanibeba mimi.”

Basi mke akapanda peke yake. Serikali ilitangaza kwa vipaza sauti, na mimi sijasahau, kwamba askari aliyeumia vitani atatibiwa hospitali ya jeshi maisha yake yote, yeye, mkewe na watoto. Sasa kidonda cha mumewe kilikuwa kimeanza kunuka. Alichotaka ni kadi ya matibabu, basi.

Karani alikaa nyuma ya kioo, koti limefungwa hadi shingoni. Hakuinuka hata kuchukua jalada. Alilivuta rafuni kwa fimbo yenye ndoano, kama mtu anayeangua matunda.

“Mkubwa bado hajazisaini kadi, shemeji.”

“Shemeji yako nani? Mume wangu anaoza hapo nje. Toka umwone.”

“Siwezi kutoka.”

“Huwezi au hutaki? Au kiti kimekuota makalioni?”

Foleni nzima ikacheka. Mara mkubwa mwenyewe akapita, anakwenda kunywa chai, na wote waliokuwa kwenye mabenchi wakasimama kwa heshima. Karani akabaki amekaa, anapanga kalamu zake.

“Umeona kiburi,” mwanamke akamwambia jirani yake.

Karani akasogeza mdomo kwenye tundu la kioo, akashusha sauti. “Kidole gumba kinamwasha? Cha mguu uliokatwa?”

Damu ikamchemka mwanamke. Kila walipolala, yeye ndiye aliyekuna shuka pale mguu ulipokuwa zamani, mpaka mumewe apitiwe na usingizi. Siri ya chumbani hiyo, na huyu anaifanyia mzaha.

“Jaribu kitana,” karani akasema. “Kucha hazifiki.”

Mwanamke akatemea kioo mate. Akaketi sakafuni, akaapa kwamba hatoki bila kadi.

Foleni ikaisha. Mkubwa alikuwa hajarudi. Jioni bawabu akaja kufunga, akaingia nyuma ya kaunta, akachuchumaa na kumpa karani mgongo. Karani akamkumbatia shingo. Bawabu alipoinuka, miguu yote miwili ya suruali ya karani ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini.

“Na yangu hajaisaini, shemeji,” karani akasema juu ya bega la bawabu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, ofisi ya mkubwa unaijua ilipo. Inuka sasa hivi uende. Miguu unayo.