Mali Hutajwa Mwisho

Kila Jumamosi saa tano asubuhi Wiebe humimina kahawa, hufungua kopo la biskuti, humpa kila mtu moja, kisha hulifunga kopo na mjadala huanza. Jumamosi hiyo kifuniko kilikuwa bado hakijabana sawasawa pale Fenna, mgeni wao ambaye kwa wiki nne hakuwahi kusema neno, aliposema:

“Samahani. Kuna watu wawili...”

“Hatimaye,” alisema Nynke. “Binti ameamua kusimulia.”

Klabu yao ya filamu mjini Leeuwarden, iliyokodi chumba juu ya duka la jibini, ilikuwa na wanachama watatu na kanuni kumi na tisa. Mwenyekiti Wiebe, mwalimu mstaafu wa fizikia, alizijua filamu za wizi kuliko wezi wenyewe. Nynke alizijua tamthilia za anga za mbali. Douwe alizijua biskuti. Wote watatu walikaa wakiielekea televisheni. Mgeni alipewa kigoda cha dirishani, penye baridi.

Wiki ya tano mgeni alitakiwa kusimulia tukio la wizi alilolibuni mwenyewe, kisha apigiwe kura. Kanuni moja ilizizidi zote: mali hutajwa mwisho. Anayetaja kinachoibwa kabla ya kuruhusiwa hutoka, na hakuna rufaa.

Fenna alitaka sana kubaki. Tangu ahamie mji huo, chumba hiki ndicho mahali pekee alipoitwa kwa jina.

“Hapana, ni kwamba wanachukua...”

“Mali mwisho,” walimkatiza wote kwa pamoja.

“Taratibu, binti,” alisema Wiebe, bila ukali, akifungua daftari. “Watu wawili. Wamevaaje?”

“Mwanamke ana koti la mvua la njano. Anaangalia simu, anajifanya amepotea. Mwanamume ameshika shada la maua.”

“Njano,” Wiebe alisema huku akiandika. “Mwizi amevaa njano. Kosa la kwanza.”

“Ndani ya maua mna mkasi wa kukatia chuma.”

Douwe alicheka hadi kahawa yake ikamwagika. “Sasa hawa wanaiba au wanaposa?”

“Mwacheni amalize,” alisema Nynke.

“Wewe nawe nyamaza,” Wiebe alimgeukia. “Kwenye tamthilia yako mtu amekaa miaka mia tatu ndani ya jokofu, akatoka nywele zimechanwa.”

“Jokofu lile lina maelezo, Mwenyekiti. Msimu wa pili, kipindi cha nne. Mkasi ndani ya maua hauna maelezo.”

Jokofu likawachukua dakika nzima. Fenna aliinua mkono. Hakuna aliyeuona. Aliushusha, akauinua tena.

“Amekata mnyororo,” alisema. “Jamani, mkiniruhusu tu niwaambie kuwa ni...”

“Mali mwisho, binti. Unajiharibia mwenyewe.” Wiebe aliangalia saa. Leo alikuwa na haraka. Saa nane mchana chombo chake cha anga, urefu wa mita moja na nusu, miaka sita ya njiti na gundi, kilitakiwa kiwe mbele ya majaji wa mashindano kule Groningen. Alitamani kuwaonyesha wenzake kwanza, ila ngazi za jengo hilo zilikuwa nyembamba mno, akakiacha chini. “Enhe? Ulinzi uko wapi kwenye hadithi yako?”

“Askari amefika.”

“Vizuri. Hapo sasa inaanza kukolea.”

“Anawasaidia kusukuma. Daraja lina mwinuko.”

Wiebe aliilaza kalamu juu ya daftari.

“Fenna, mama, nikwambie kitu. Mtazamaji si mjinga. Mchana kweupe, koti la njano, askari anasukuma. Na mtaa mzima hakuna hata jicho moja?”

“Lipo moja. Kuna msichana dirishani. Yule mwanamke ameinua uso akamwona, akamwekea kidole mdomoni.”

“Naye huyo msichana akanyamaza?”

“Amejaribu kusema,” Fenna alijibu. “Alio nao hawamsikilizi.”

“Haiwezekani,” alisema Wiebe. “Watu wajinga kiasi hicho hawapo. Hata kwenye filamu hawapo.”

“Hata kwenye sayari za Nynke,” Douwe aliongeza.

Wakapiga kura. Mikono mitatu ilipanda kumkataa. Wa Douwe ulichelewa kidogo kwa sababu ulikuwa unalipapasa kopo.

“Usivunjike moyo, mdogo wangu,” alisema Nynke. “Hadithi unayo. Kinachokosekana ni uhalisia. Jaribu tena mwakani.”

Fenna alichukua koti lake. Machozi yalikuwa karibu, akayarudisha. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango Wiebe alipomwita, kalamu tayari mkononi.

“Subiri. Daftari haliachi pengo. Mali yenyewe ilikuwa nini?”

Fenna aligeuka, na kwa mara ya kwanza chumbani humo alizungumza kwa sauti ambayo hata barabarani ingesikika.

“Baiskeli yako yenye sanduku, Bwana Wiebe, na chombo chako kimo ndani. Wao wameshaondoka, lakini askari ukimtaka bado yupo pale darajani, anajifuta jasho.”