Mashine ya Chumba cha Ndani

Apolinary alipobisha hodi, Petronila alikuwa akisafisha vitufe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Akaacha, akatoka, akaufunga mlango wa chumba cha ndani kwa ufunguo kabla ya kumkaribisha mgeni.

Apolinary alikuwa ametoka Manyamanyama kuja kupanga mkutano. Ungekuwa wa kwanza wa kikundi cha kompyuta tangu wamzike Leonardi, mume wa Petronila, kule Butiama.

Mada aliiacha Leonardi mwenyewe: skripti za sheli, yaani kuandika amri nyingi kwenye karatasi moja, mashine izitekeleze zote kwa mfuatano bila kuambiwa tena. Apolinary alikuwa ameshabandika tangazo sokoni. Akasema mtu mmoja wa Makoko amemfuata kuuliza kama sheli hiyo mpya itauza na mafuta ya taa. Petronila akacheka, kisha akashtuka kusikia kicheko chake ndani ya nyumba ile.

"Lakini shemeji," Apolinary akasema, akiutazama ule mlango, "mashine itajibu?"

"Itajibu. Wewe lete mabenchi."

Hakuwa na hakika. Mwaka ule kiwanda alichofanyia kazi mumewe kule Mwanza kilipouzwa na watu wakapunguzwa kazi, Leonardi alirudi nyumbani Nyasho na sanduku zito na kitabu kinene cha amri. Sanduku akaliingiza chumba cha ndani, akaweka sharti: haingii mtu, vumbi huua kompyuta. Ukitaka kuiamuru, unaandika kikaratasi, unakipitisha chini ya mlango. Unasikia vitufe vikigonga, na jibu linarudi limechapwa. Kwa miaka watu wazima walikuja kila Jumamosi kujifunza hivyo, na mjini Musoma wakamwita Leonardi fundi wa kompyuta.

Mashine isipojibu, jina hilo lingegeuka kichekesho, na Petronila hakuwa amebakiwa na kingine cha mumewe. Tangu matanga yaanuliwe alikuwa akikisoma kitabu kile, ukurasa kwa ukurasa, sahani moja tu ikiwa mezani.

Jumamosi umeme ukakatika kabla watu hawajaketi. Aliyeanza utani ni Gati, mwalimu wa shule ya msingi.

"Mashine ya Leonardi haijuagi mgawo," akasema.

Mwingine akajibu kwamba ina betri ya lori. Hakuna aliyecheka sana. Petronila akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango, kama mumewe alivyokuwa akifanya.

Kikaratasi cha kwanza kikapita. Akakisoma, akatafuta amri yake kitabuni, akachapa, akarudisha jibu. Kisha akamsikia Apolinary akilisoma kwa sauti, na mabenchi yakalia watu walipojiegemeza. Kikaja cha pili. Kikaja cha tatu. Jasho likaanza kumkauka shingoni.

Ndipo Gati akapitisha skripti yake. Ilikuwa fupi: kwa kila jina katika orodha ya wanachama, andika neno “Karibu”, kisha jina hilo. Orodha aliinakili kama ilivyokuwa siku zote. Hakuna aliyekuwa amefuta jina lolote.

Petronila akachapa. Karibu Apolinary. Karibu Gati. Akashuka nayo hadi jina la mwisho, maana Leonardi, pamoja na kuwa kikundi kilikuwa chake, alikuwa na desturi ya kujiandika wa mwisho. Akachapa Karibu. Akachapa Leonar. Vidole vikakataa.

Nje wakangoja. Benchi likalia. Akaona kwamba sasa watainuka mmoja mmoja, watatoka, na kesho sokoni mumewe atakuwa kichekesho. Akavitazama vidole vyake, akaviamuru, navyo havikutii.

Hatua zikasogea mpaka mlangoni. Apolinary akasema kwa sauti ya chini, karibu na tundu la ufunguo:

"Polepole, shemeji. Hata Leonardi, taipureta hiyo ilikuwaga inamkwamia kwenye D. Tulikuwaga tunamsubiri."