Blanketi la Mnyapara

Bosibori alimbana paka wa stoo magotini, akamchana manyoya kwa kitana kilekile alichochania nywele zake mwenyewe. Paka akakoroma kwa raha. Manyoya yakaingia kwenye fundo la leso.

"Kula raha, rafiki yangu," akamwambia. "Hii kazi ni yetu sisi wawili."

Kazi yenyewe ilikuwa Nyakundi, mnyapara wa shamba la chai. Paka akipita tu karibu naye, macho humvimba, kifua hulia firimbi, chafya humtoka mfululizo. Kambi nzima ilijua hivyo. Ilijua pia jinsi alivyomtoa Osoro, mume wa Bosibori, kitandani na homa na kikohozi chake, akamwita mvivu, akamfukuza kwenye mvua. Osoro alifia njiani kabla ya kufika Sotik. Na sasa, bila haya, Nyakundi huyohuyo alimtaka mjane amfulie nguo na blanketi. Haya basi, atafuliwa!

Hakutaka kumshtua. Alianza na unyoya mmoja kwenye mshono wa blanketi. Baadaye akaongeza kidogo, kisha kidogo tena, mpaka ikawa konzi nzima. Haba na haba hujaza kibaba. Nyakundi alipiga chafya hadi majirani wakamgongea ukuta, naye Bosibori akalala usingizi mtamu ambao hakuuonja tangu amzike mumewe.

"Ataondoka kwa njia ileile," aliapa. "Na atakohoa vilevile."

Kule kwenye michai, wanawake wenzake nao walifaidi. Chafya ya Nyakundi ilisikika tangu mtoni.

"Kengele hiyo!" Adoyo alikuwa akisema, na waliokuwa wameketi kupumzisha migongo wakasimama upesi, mikono ikarudi kwenye majani. Mnyapara hakumkuta hata mmoja wa kumchapa.

Miezi ikapita, chafya zikapungua. Bosibori akachekelea moyoni: mshenzi huyo hana hata nguvu ya kupiga chafya! Kisha zikanyamaza kabisa, na asubuhi moja karani Alfayo ndiye aliyeita majina.

"Mnyapara ako wapi?" Bosibori akauliza.

"Ameenda kwa daktari, Kericho."

Alasiri ile Bosibori aliketi katikati ya michai, kikapu kitupu kando, akanyoosha miguu yote miwili.

"Keti, dada," akamwambia Adoyo. "Kengele hailii tena."

"Wewe! Kwani umemfanyia nini?"

Akamweleza yote bila kushusha sauti: paka, kitana, mshono, konzi. "Saa hii blanketi lake ni paka mtupu. Hata akirudi, anarudi kuchukua sanduku lake. Osoro wangu, pumzika. Nimekulipia!"

Adoyo hakucheka. Alikuwa ameshasimama, kichwa chini, mikono yake ikichuma haraka haraka.

Bosibori akageuka. Nyakundi alikuwa amesimama nyuma yake, pua kavu, macho meupe pe, na paka wa stoo amejilaza begani mwake, akikoroma.

"Daktari anasema nimepona, mwili umemzoea paka kidogo kidogo," Nyakundi akasema. "Akaniuliza ni nani alinipa dawa, nikakosa jina la kumwambia."