Kidole cha Verlene

"Hakuna kutikisika!" polisi alifoka. Redio ikazimwa, na binti yangu Verlene akaganda palepale alipofikia: magoti yamekunjika, kiwiko juu, kidole kimemwelekea polisi kifuani.

Vijana walikuwa wakicheza lokingi mbele ya saluni yangu, hapa Los Angeles, mchana kweupe. Wanasema densi hiyo ilizaliwa kwa kosa: mtu alikwama katikati ya hatua, akachekwa, naye akawanyooshea kidole waliomcheka. Unazungusha kiganja, unaganda, unanyoosha kidole. Mimi niliiita upuuzi.

Polisi aliwapekua mifuko, asipate kitu. "Haya, tawanyikeni!"

Vijana wenzake wakaondoka. Verlene alibaki. Paja lilimtetemeka, jasho likamdondoka kidevuni, kidole hakikushuka.

"Wee binti, hebu shusha hicho kidole."

"Si umesema tusitikisike, afande?"

Mkono wa polisi ukashuka kwenye bastola.

"Mama, ingia ndani," Verlene akasema bila kugeuza shingo.

Pale mlangoni pa saluni nikatupa kitana. Nikaenda kusimama bega kwa bega na mwanangu, nikakunja magoti yangu haya yenye baridi yabisi, nikazungusha kiganja, nikaganda.

Kisha nikanyoosha kidole changu.