Kimulimuli Anaoa

Mwandishi alitoka ukumbini. Kwenye sinema, Kimulimuli, yule shujaa anayeruka, ameuawa mchana kweupe. Kwenye kitabu cha sinema hiyohiyo, alichokiandika yeye kwa kufuata maelezo aliyopewa na watengenezaji wake, Kimulimuli anaoa.

Na vitabu vyenyewe viko mezani hapo mlangoni, vimepangwa kama matofali.

"Mbona hukuniambia wamebadilisha mwisho?" akamuuliza mchapishaji aliyesimama kando ya meza.

"Kwani mimi niliambiwa?" mchapishaji akanong'ona. "Rudisha kwenye boksi kabla hatujaumbuka."

Mwandishi akashika kimoja, akakiweka, akakishika tena. Hakujua anafungasha au anapanga.

Bibi mmoja akasimama mbele yake, kope zimelowa, kitambaa amekifinyanga kiganjani kimekuwa kama kidonge.

"Mwanangu, na humu wamemuua?"

"Humu... humu anaoa, bibi."

Mchapishaji akakohoa.

"Anamwoa yule nesi?"

"Huyohuyo."

"Nilijua tu. Sasa kipi cha kweli?"

Mwandishi akamtazama mchapishaji. Mchapishaji akatazama dari. Nyuma ya bibi, watu walishaanza kupanga foleni.

Mwandishi akafungua kitabu ukurasa wa kwanza, akang'oa kifuniko cha kalamu kwa meno.

"Niandike jina gani, bibi?"